Chai ya Masala: Vile Utaitengeneza Keja Kwako, na Ile Siku Haitakusaidia

Kama unaishi hizi sides za Ruiru hadi Thika, unajua Julai si mchezo. Unatoka keja saa kumi na moja asubuhi unapata ukungu umekalia barabara, na pumzi yako inatoka moshi kama ekzosi ya mathree. Wazee wa huku wanaita hii baridi gathano. Sisi tunaiita tu noma.

Pale stage yetu kuna mathe anauza chai. Ako na themosi tatu, karai ya mandazi na kiti moja ya plastiki ambayo hakuna mtu hukalia. Kikombe ni mbao, mandazi ni ashara. Lakini si chai ya kawaida. Unapiga fundo ya kwanza unaskia tangawizi imeshuka hadi kwa vidole vya miguu, halafu iliki inakuja nyuma polepole. Makanga, watu wa mjengo, wasee wa kuingia Nairobi, wote wanasimama hapo. Mimi nimekunywa hiyo chai karibu kila asubuhi tangu nitoke kolegi mwaka wa pili juu ya karo, na siwezi danganya, kuna siku hiyo kikombe ndiyo ilikuwa brekfasti na lanchi.

Sasa kila mtu mtaani ako na story ya hii chai. Inatoa homa. Inasafisha damu. Inamaliza kitambi. Inaua kila kitu ndani ya kifua. Mimi pia nilikuwa naamini, na mwaka jana hiyo imani karibu iniuzie beste yangu. Hiyo risto nitaimwaga pale chini. Kwanza tuongee chai yenyewe, juu ni poa kweli, na kuitengeneza keja si kazi.

Masala ilifikaje huku kwetu

Wengi hudhani chai ni kitu ya mababu. Zii. Majani ya chai yalipandwa mara ya kwanza Kenya mwaka wa 1903, hapo Limuru, kwa hii county yetu ya Kiambu. Leo Kenya iko kati ya nchi zinazouza chai nyeusi nyingi zaidi nje duniani, na mnada wake uko Mombasa tangu 1969.

Viungo navyo vina safari yao. Kule Pwani, watu wa Lamu, Mombasa na Zanzibar walikuwa na iliki, mdalasini na karafuu kitambo, juu dau za biashara zilikuwa zinakuja kutoka India na Uarabuni. Karafuu ilipandwa Zanzibar na Pemba karne ya 19 mpaka hivyo visiwa vikajulikana dunia nzima. Halafu reli ikajengwa kutoka Mombasa kuanzia 1896, na zaidi ya Wahindi 30,000 wakaletwa kuifanyia kazi. Waliobaki wakafungua maduka hadi bara, na mapishi yao wakaja nayo. Neno masala lenyewe linamaanisha tu mchanganyiko wa viungo.

Kwa hivyo hiyo kikombe ya mbao pale stage ni majani ya mlimani kwetu, viungo vya Bahari ya Hindi na maziwa ya mkulima wa hapa karibu.

Ndani ya kikombe kuna nini

Hapa ndio watu wa TikTok hudanganyana sana. Wacha tupitie moja moja, bila kuongeza chumvi.

*Tangawizi.* Hii ndiyo iko na ushahidi mzuri zaidi. Inasaidia kichefuchefu: ile ya safari ya mat, na hata ile ya asubuhi ya mimba changa. Ule ukali unatoka kwa kemikali inaitwa jinjaroli. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya hiyo kemikali inageuka kuwa nyingine kali zaidi, ndio maana ya unga hukuchoma kuliko ile mbichi. Kwa koo inayowasha na mafua ya kawaida inakupatia nafuu. Nafuu, si tiba.

*Iliki.* Kazi yake kubwa ni harufu na ladha, na watu wengi huitumia tumbo ikijaa gesi. Bonus ni kwamba iliki na mdalasini hufanya ulimi udhani chai iko na sukari kuliko vile iko. Hiyo tutaitumia hapo chini.

*Mdalasini.* Utaskia unashusha sukari mwilini. Utafiti umefanywa mwingi, lakini majibu yake hayakubaliani. Kama mzae wako ako na kisukari, asiache dawa juu ya mdalasini. Alafu ule wa gome nene unaouzwa sana maduka uko na kitu inaitwa kumarini, ambayo ukiikula nyingi kila siku inaweza umiza ini. Kipande kwa chai haina noma. Kulamba vijiko za unga kila asubuhi ndio ngori.

*Karafuu.* Ndani yake kuna yujenoli, ile ile madaktari wa meno wametumia miaka mingi kutuliza uchungu. Ndio maana shosh alikuwa anakuambia uweke karafuu kwa jino. Kwa chai, mbili zinatosha. Ukiweka kumi unakunywa dawa ya meno.

*Pilipili manga.* Inaleta ule moto wa nyuma ya koo. Ukiweka na manjano, inasaidia mwili kuchukua ile kemikali ya manjano ambayo kawaida hupita tu bila kuingia kwa damu. Lakini kama uko na ulsa au kiungulia, punguza pilipili na tangawizi, hata majani yenyewe. Tumbo yako itakushukuru.

*Majani.* Yako na kafeni, karibu nusu ya ile iko kwa kikombe ya kahawa. Inakuamsha bila kukutetemesha mkono. Lakini ukinywa saa nne usiku usilaumu jirani kwa kukosa usingizi.

Ukijumlisha yote: ni kinywaji moto, inatuliza koo, inasaidia tumbo, inakuamsha. Hakuna kitu hapo inaua virusi ndani ya mapafu. Mnakumbuka 2020 vile korona iliingia, kila nyumba ilikuwa inachemsha tangawizi, ndimu na kitunguu saumu hadi bei ikapanda soko. Tulikunywa, tukatoka jasho, na korona ikaendelea na shughuli zake.

Vile unaitengeneza keja

Huhitaji mashine. Sufuria moja, kichungi, na kitu ya kuponda. Kama hauna kinu, weka viungo kwa karatasi safi ya nailoni na uviponde na chupa ya soda. Nimefanya hivyo miaka miwili, inawork.

Pitia Jamhuri Market hapo Thika ama soko ya Ruiru. Tangawizi ya mbao inakusukuma siku kadhaa. Viungo vikavu nunua vizima, usinunue vya unga kama unaweza. Vizima vinakaa na harufu miezi mingi, unga unaisha nguvu haraka, na pia huwezi jua umechanganywa na nini.

Hii ni ya vikombe viwili:

- Maji kikombe kimoja
- Maziwa kikombe kimoja
- Tangawizi mbichi, kipande kama kidole gumba, iponde
- Iliki tatu, zipasue ndio mbegu zitoke
- Mdalasini, kipande kama nusu ya kidole
- Karafuu mbili
- Pilipili manga punje tatu, kama unapenda moto
- Majani, kijiko moja ndogo ya kujaa

Step ya kwanza: weka maji na viungo vyote kwa sufuria, bila majani na bila maziwa. Chemsha dakika tano hadi saba. Nyumba ikianza kunukia kama harusi ya Mombasa, uko kwa laini.

Step ya pili: weka majani. Mengi ya Kenya ni zile punje ndogo za CTC, zinatoa rangi haraka, so dakika moja ama mbili inatosha. Ukiyachemsha sana chai inakuwa chungu, halafu unaanza kuifukuza na sukari.

Step ya tatu: weka maziwa, chemsha hadi ipande, punguza moto, wacha ipande tena. Chuja, mimina.

Sasa sikia siri ambayo ilinitesa miezi. Mbona chai ya tangawizi hukatika maziwa, inakuwa mabonge kama mala? Ni juu tangawizi mbichi iko na kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Ukitupa tangawizi ndani ya maziwa yakiwa vuguvugu, imeenda hiyo. Ukichemsha tangawizi kwa maji kwanza, moto unaua hicho kimeng'enya na maziwa yanatulia. Ndio maana viungo vinaanza na maji. Mathe wa stage alijua hii bila kusoma kemia.

Na kama maziwa yako ni ya yule msee wa baiskeli anayetoka nayo kwa ng'ombe direkti, chemsha vizuri, usiyape tu moto ya kugusa. Maziwa mabichi yanaweza kukupatia bruselosisi, na hiyo homa huisha mwili vibaya sana.

Kama hauna time ya asubuhi, tengeneza unga wako Jumapili. Changanya vijiko vitatu vya tangawizi kavu, viwili vya mbegu za iliki, viwili vya mdalasini, kimoja cha pilipili manga na nusu ya karafuu. Saga, weka kwa jagi ndogo inayofunga vizuri, mbali na jua na mbali na mvuke wa jiko. Nusu kijiko kwa kikombe, umemaliza. Masala ya pakiti pia haina shida. Ni vile tu hii ya kwako unajua kenye uliweka.

Vitu vitatu vinaharibu chai poa

*Sukari.* Hesabu na mimi. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, hiyo ni vijiko tisa, karibu gramu 36. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akikaa chini ya gramu 25 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku, kama vijiko sita, ni bora zaidi. Na hapo hatujahesabu soda wala mandazi. Huwezi sema unakunywa chai ya afya na kijiko imesimama wima ndani ya kikombe. Toa nusu kijiko kila wiki na uongeze iliki kidogo. Baada ya mwezi hutaskia tofauti.

*Moto.* Najua kuna wale husema chai isiyochoma si chai. Mwaka wa 2016, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka vinywaji vya moto sana, zaidi ya digrii 65, kwa orodha ya vitu ambavyo yawezekana vinasababisha saratani ya umio, ile njia ya chakula. Kosa ni joto, si chai. Na hii si story ya mbali: hiyo saratani imeumiza watu wengi hapa Kenya, hasa kule Bomet na sehemu zingine za Bonde la Ufa. Wacha ikae dakika kadhaa. Piga story kwanza.

*Kuchanganya na chakula.* Hii wengi hawajui. Majani ya chai yako na tanini, na tanini inashika madini ya chuma kutoka kwa sukuma, ndengu, maharagwe na githeri, mwili unayakosa. Ukila githeri na chai pamoja kila siku, unajaza tumbo lakini damu inabaki na njaa. Kwa madem, hasa wale ako na hedhi nzito ama ako na mimba, hii ni serious. Zile tembe za damu za kliniki pia zimeze na maji, si na chai. Kula kwanza, ngoja kama saa moja, halafu ukunywe yako kwa amani.

Kwa mtoto anayekohoa, asali inaweza kutuliza kikohozi, lakini kama hajafika mwaka mmoja usimpe kabisa. Inaweza kumletea sumu mbaya tumboni. Na kama unameza dawa za kufanya damu iwe nyepesi, ongea na daktari kabla uanze kujaza tangawizi na manjano kila siku.

Sasa ile risto

Mimi na beste yangu tunashare bedsita hapa Ruiru. Yeye ni wa mjengo, mimi naandika hizi vitu na simu. Mwaka jana mwezi wa sita akaanza kukohoa. Tukasema ni baridi na vumbi ya simiti. Nikaanza kumpikia chai kila jioni, tangawizi mara mbili ya kawaida, karafuu, ndimu na asali tukipata. Kemisti tukanunua dawa ya kikohozi, ikaisha, tukanunua ingine.

Usiku alikuwa anatoka jasho hadi shuka inalowa. Julai, Ruiru, ile baridi ya kuvaa soksi mbili, na msee amelowa. Mnajua tulisema nini? Tukasema chai inafanya kazi. Tangawizi inatoa homa. Nikaongeza tangawizi.

Akaanza kukonda. Mshipi akatoboa shimo mpya na msumari. Tukachekea.

Asubuhi moja tulikuwa pale stage, akakohoa hadi akaweka kikombe chini. Mathe akamwangalia akauliza, "Wewe kijana, hii kifua imemaliza wiki ngapi?"

Nikamjibu mimi, "Kama tano hivi, mathe. Lakini tunamnywesha tangawizi."

Akacheka kidogo, ile cheko ya kukusikitikia. "Mimi nauza chai ya baridi. Siuzi ya kifua. Mpeleke hosi leo, usingoje kesho. Mimi nilizika kaka yangu tukimchemshia majani."

Ukweli ni kwamba hatukuwa tunaogopa hosi. Tulikuwa tunaogopa bili. Chai ni mbao, hosi hujui utatoka na deni ya ngapi. Tulikuwa tumeamini tangawizi juu ndiyo ilikuwa inafit kwa mfuko.

Tukaenda hosi ya serikali. Akatoa makohozi yakapimwa. TB.

Hapa ndio nataka mshike vizuri. Kenya, kupima makohozi ya TB na dawa zake ni bure kwa hosi za serikali. Ile bili tuliogopa wiki tano haikuwepo. Dalili za kuangalia ni hizi: kukohoa kunakozidi wiki mbili, jasho la usiku, kukonda bila sababu, homa inayorudi na kuchoka, na ukitema damu usingoje hata siku moja. TB inasafiri kwa hewa, so bedsita ya watu wawili, madirisha yamefungwa juu ya baridi, ni kama tulikuwa tumeikaribisha. Nilipimwa pia, nikapatikana niko clear. Lakini ningeweza kuipata, na ningeweza kuipeleka kwa mat hadi kwa wasee sijui majina yao.

Dawa ni miezi sita. Si ya kumeza ukiskia vibaya na kuacha ukiskia fiti. Kuacha katikati ndio hufanya TB iwe sugu, na hiyo sugu ni vita ingine kabisa. Beste yangu alimaliza mwaka huu. Amenona, amerudi mjengo, na ile shimo ya msumari kwa mshipi haitumii tena.

Na chai? Aliendelea kukunywa hiyo miezi yote, lakini sasa ilikuwa kwa nafasi yake. Asubuhi zingine dawa zilikuwa zinamletea kichefuchefu, akamuuliza nesi kama tangawizi ni sawa, nesi akasema kidogo haina shida. So nikaendelea kuchemsha. Tofauti ni kwamba sikuwa namtibu tena. Nilikuwa namsindikiza tu.

Kwa hivyo weka sufuria, ponda tangawizi yako, anza na maji kabla ya maziwa, punguza sukari, wacha ipoe kidogo. Furahia. Lakini kama kuna msee kwa keja yenu amekohoa hadi wiki ya tatu na bado mnamuongezea tangawizi, zima jiko. Ruiru kuna Level 4, Thika kuna Level 5. Nauli ya mat ndiyo kitu utalipa, na ukirudi, chai utaipata.